Aliyebaki Peke Yake

Siku tulipoanua matanga ya mdogo wangu, watu wakiwa wanakunja mikeka na kutenganisha masufuria yetu na ya kuazima, mama aliniita pembeni ya banda la jikoni akaniuliza, "Hivi mwanangu, mimi nilikosa nini?" Kwa siku tatu kila aliyempa mkono alimwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni maneno tunayoyasema misibani bila hata kuyasikia. Yeye aliyasikia. Aliyachukua, akayapigia hesabu: kama kazi ya Mungu haina makosa, na kijana wa miaka 19 yuko mchangani, basi kosa liko kwingine, na yeye alikuwa tayari kulipokea.

Nilikasirika. Nilimweleza habari za malaria iliyopanda kichwani na damu iliyokwisha mwilini, nikamwambia hakuna alichokosa. Alinitazama kwa namna ya kumwonea huruma mjinga, akaendelea kuokota vikombe.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba siku ile nilitaka kumnyang'anya kitu pekee kilichombakia mkononi. Kama alikosa, basi yupo aliyemwona akikosa. Kama ameadhibiwa, basi hajaachwa. Lakini kama hakukosa lolote, mtoto wake amekwenda bure na huko juu hakuna mtu. Nasikitika kusema kwamba hilo sikulielewa kwa kukaa na mama. Nililielewa kwa kusoma habari za watu wa Yuda waliochukuliwa mateka kwenda Babeli zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, ambao walishika hesabu hiyo hiyo wakaikokotoa mpaka mwisho. Jibu walilolipata ndilo ambalo leo zaidi ya nusu ya watu duniani wanaliungama, kwamba Mungu ni mmoja.

Najua wengi wetu, Waislamu kwa Wakristo, tumelelewa tukiamini kwamba tauhidi ilianza na Ibrahimu, au na Adamu mwenyewe. Sibishani na madrasa wala na shule ya Jumapili. Nazungumzia kilichofukuliwa ardhini, na yale ambayo maandiko yenyewe hayakuyaficha, maana waandishi wake walikuwa wakweli kuliko tunavyowasoma.

Mara ya kwanza jina Israeli linapoonekana katika maandishi yaliyosalia, limo ndani ya tanzia. Karibu mwaka 1208 KK, Farao Merneptah alisimamisha huko Thebes jiwe refu la kujisifu kwa ushindi, na karibu na mwisho akawataja watu aliowapiga Kanaani. Miongoni mwao ni Israeli, ambao anadai amewateketeza na mbegu yao haipo tena. Flinders Petrie alilifukua jiwe hilo mwaka 1896. Taifa linaingia katika historia likiwa limeshatangaziwa kifo chake, na pengine ndiyo maana baadaye lilijua kuishi na vifo vingine.

Jina lenyewe lina jambo la kusema. Israeli limebeba neno El, halikubeba Yahwe, jina alilokuja kuitwa Mungu wa Israeli. Na El tunamfahamu vizuri tangu mwaka 1928, mkulima mmoja wa pwani ya Siria alipogonga kaburi la kale kwa jembe lake, na mwaka uliofuata wachimbaji wa Kifaransa wakaanza kuufukua mji wa Ugarit. Katika vibao vya udongo vya mji huo El ni mzee, baba wa miungu, mpole, mwenye maamuzi. Mkewe ni Athirati, mama wa wana 70. Baali, mungu wa mvua na radi, ndiye kijana mwenye nguvu wa ukoo. Huu ndio ujirani ambamo Israeli ilizaliwa, na athari yake imo hata katika Kumbukumbu la Torati. Katika sura ya 32 tunaambiwa kwamba Aliye Juu aliyagawa mataifa kwa hesabu fulani, na Yakobo akawa fungu la Yahwe. Kwa hesabu ya nani? Maandishi ya Kiebrania tuliyoyazoea yanasema wana wa Israeli. Gombo lililokutwa kwenye mapango ya Bahari ya Chumvi, ambalo lina umri wa karibu miaka 2,000, linasema wana wa Mungu. Kila taifa na mwana wake, na Israeli ikamwangukia Yahwe, kama mashamba yanavyogawanywa baada ya arobaini.

Yahwe mwenyewe yaelekea alikuwa mgeni kutoka kusini. Mashairi ya zamani kabisa ya Biblia yanamwonyesha akishuka kutoka Seiri, Parani na Temani, nchi ya majabali na jangwa. Na katika hekalu la Soleb, kando ya Mto Nile, leo ndani ya Sudani, Farao Amenhotep III aliandikisha katika karne ya 14 KK orodha ya maadui zake, na mmojawapo ni nchi ya wafugaji wahamaji waitwao Shasu yenye jina linalosomeka Yhw. Wataalamu wengi wanaona hapo ndipo jina hilo linapotokeza kwa mara ya kwanza, likiwa jina la mahali, kwenye nguzo ya mawe katika bara letu.

Baadaye El na Yahwe wakawa mmoja. Hakuna kisa cha vita baina yao, hakuna aliyempindua mwenzake. Yahwe alirithi kwa amani: kiti cha enzi, baraza la miungu, mvi za mzee, na inaelekea, mke.

Hapa wengi huchoka au hukasirika, nami naomba tukae kidogo. Mwaka 1975 na 1976, Ze'ev Meshel na wenzake walichimba kilima cha upweke kiitwacho Kuntillet Ajrud, kaskazini-mashariki mwa Sinai, kituo cha wasafiri cha karibu mwaka 800 KK. Walikuta vipande vya makasiki mawili makubwa yaliyochorwa na kuandikwa kwa wino mwekundu. Kuna ng'ombe anayenyonyesha ndama. Kuna mbuzi wawili wanaokula mti. Na kuna salamu: fulani anamwombea fulani baraka kwa Yahwe wa Samaria na kwa Ashera wake, yule yule Athirati wa Ugarit kwa matamshi ya Kiebrania. Mahali pengine ni Yahwe wa Temani, na Ashera wake. Kwenye kaburi moja karibu na Hebroni, mahali paitwapo Khirbet el-Qom, mwandiko wa karne ya 8 KK unamtaja mtu aitwaye Uriyahu, na Yahwe, na tena Ashera. Wataalamu bado wanabishana kama neno hilo linamaanisha mungu wa kike mwenyewe au nguzo ya mti iliyokuwa alama yake. Kwa mtu anayeomba baraka akiwa safarini jangwani, sidhani kama tofauti hiyo ilimkosesha usingizi.

Na kuna visanamu. Katika nyumba za Yuda, na zaidi katika Yerusalemu, wamefukuliwa kwa mamia wanawake wadogo wa udongo wenye urefu wa kiganja, wa karne ya 8 na ya 7 KK. Chini ni nguzo tu, imepanuka kidogo ili isimame. Juu mikono imeshika matiti kwa chini, kama mama anayetaka kunyonyesha. Vingine vina kichwa kilichotolewa kwenye kalibu, chenye nywele za mafundo mafundo. Vingine havina uso wa kuchongwa: mfinyanzi aliubana udongo mbichi kwa kidole gumba na cha shahada, pua ikatokeza katikati na pande mbili zikawa macho. Alama ya vidole vyake imekauka hapo. Havikuwa vya makuhani hivyo, wala vya wafalme. Vilikaa nyumbani, pamoja na vyungu na taa. Karibu vyote vimekutwa vimevunjika, na baada ya uhamisho wa Babeli havionekani tena.

Sasa msiba wenyewe. Mwaka 722 KK Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, ikaanguka mikononi mwa Waashuru, na mfalme Sargoni II akajisifu kwamba alihamisha watu 27,290. Ufalme huo ukafutika. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme mwingine wa Ashuru, akaibomoa miji ya Yuda, ufalme wa kusini, mmoja baada ya mwingine, na michoro ya mawe ya kuanguka kwa Lakishi, yenye familia zinazotembea na mizigo juu ya mikokoteni ya ng'ombe, iko leo katika jumba la makumbusho London. Yerusalemu ikasalimika, peke yake, kama mtoto aliyebaki katika nyumba iliyofiwa. Tunajua mtoto wa namna hiyo anavyolelewa: kila kitu kinakatazwa.

Mwaka 622 KK mfalme Yosia aliletewa kitabu kilichosemekana kimeokotwa hekaluni. Akararua mavazi yake, akapeleka watu wamuulize nabii mwanamke, Hulda, kisha akaanza kusafisha. Ashera ikatolewa ndani ya hekalu, ikachomwa katika Bonde la Kidroni, ikasagwa kuwa vumbi. Mwandishi wa Wafalme anaongeza jambo dogo ambalo angeweza kuliruka: pale hekaluni palikuwa na nyumba ambamo wanawake walikuwa wakimfumia Ashera vitambaa. Nazo zikabomolewa. Huwa najiuliza walikwenda wapi jioni ile, wakiwa na nyuzi zao, watu ambao hadi asubuhi walikuwa na kazi ya heshima katika nyumba ya Mungu.

Yosia alifanya kila alichoambiwa. Mwaka 609 KK akauawa na Farao Neko huko Megido. Miaka 23 baadaye Yerusalemu ikachomwa na Wababeli, hekalu likaungua, na mfalme wa mwisho, Sedekia, akaona wanawe wakichinjwa kabla ya kung'olewa macho.

Kwa akili ya wakati ule jambo lilikuwa limekwisha. Mungu wa taifa ni sawa na mfalme wake: mfalme akishindwa, na mungu ameshindwa. Zamani, zaidi ya miaka 200 kabla, Mesha mfalme wa Moabu alikuwa amechonga jiwe lake akieleza kwamba Israeli iliwatesa Wamoabu siku nyingi kwa sababu Kemoshi, mungu wao, aliikasirikia nchi yake. Jiwe hilo lilikutwa Dhiban mwaka 1868 na sasa liko Paris. Kwa hiyo fikra kwamba mungu anaweza kuwapiga watu wake mwenyewe haikubuniwa Yerusalemu. Hata Wamoabu walikuwa nayo. Lakini Mesha aliandika akiwa ameshashinda, hasira imepita na miji imerudi. Moabu ilipokufa kweli, Kemoshi alikufa nayo, na leo hakuna anayemwomba. Watu wa Yuda walilazimika kusema maneno yale yale wakiwa hawana mji, hawana mfalme, hawana madhabahu, na bila dalili kwamba hasira itapita.

Hapo ndipo waombolezaji walipogawanyika, na mabishano yao yamehifadhiwa katika sura ya 44 ya Yeremia. Kikundi cha waliookoka kimekimbilia Misri. Nabii anawaambia kwamba haya yote yamewapata kwa kuwa wake zao walimfukizia uvumba mungu wa kike waliyemwita Malkia wa Mbinguni. Nao wanamjibu usoni. Wanasema wakati tulipokuwa tukimfukizia tulikuwa na chakula tele na hatukuona baya lolote, ila tangu tulipoacha tumepungukiwa na kila kitu, tumekwisha kwa upanga na njaa. Wanawake wanaongeza kwa ukali kwamba ile mikate yenye sura yake hawakuioka kwa siri, waume zao walijua. Mahali pengine Yeremia mwenyewe ameieleza kazi hiyo, na kwa kuilaani ametuachia picha nzuri kuliko zote za ibada ya nyumbani katika Yuda: watoto wanaokota kuni, baba anawasha moto, mama anakanda unga. Familia nzima.

Tazama jinsi hoja zote mbili zinavyofanana. Wote wamekubaliana kwamba kuna kosa. Nabii anasema kosa ni kufanya, wanawake wanasema kosa ni kuacha. Na kwa ushahidi waliokuwa nao mbele yao, baada ya Yosia aliyesafisha kila kitu akafa, sioni jinsi ya kuwaambia wanawake wale kwamba hesabu yao ilikuwa mbovu.

Kutoka huko Misri tumebahatika kupata barua za Wayahudi wengine walioishi katika kisiwa cha Elephantine, mkabala na Aswan, wakiwa askari wa Waajemi. Walikuwa na hekalu lao la Yahu, ndivyo walivyomwita. Mwaka 410 KK makuhani wa mungu Khnumu wakachochea libomolewe. Miaka mitatu baadaye wakamwandikia Bagohi, gavana wa Yuda, wakieleza kwamba tangu siku hiyo wanavaa magunia na kufunga, hawajipaki mafuta wala hawanywi divai, na wake zao wamekuwa kama wajane. Huu ni msiba usio na shaka. Lakini orodha yao ya michango ya karibu mwaka 400 KK, ambamo kila mtu ametoa shekeli mbili za fedha, inagawa mapato hivi: karshi 12 na shekeli 6 za Yahu, karshi 7 za Eshembetheli, na karshi 12 za Anatbetheli, ambaye ni mungu wa kike. Walifiwa na nyumba ya Mungu wao, lakini kufiwa hakukuwafanya wamwondoe mama mezani.

Kumbe kupoteza peke yake hakuzai tauhidi. Lilihitajika jambo lililotokea Babeli.

Huko Babeli kulikuwa na kuhani kijana, Ezekieli, aliyehamishwa pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 KK. Mfalme huyo tunajua hata alivyokuwa akila: katika magofu ya Babeli, Robert Koldewey alifukua vibao vya posho vyenye jina lake, akiandikiwa mafuta yeye na wanawe 5, kama mfungwa wa heshima. Ezekieli alikaa na watu wa kawaida kando ya Mto Kebari. Aliona kiti cha enzi kina magurudumu. Watu hulisoma ono hilo na kutafuta vyombo vya angani, lakini mtu aliyehamishwa kwa nguvu analielewa mara moja. Mungu ambaye kiti chake kina magurudumu anaweza kukufuata. Baadaye aliona utukufu huo ukiinuka ndani ya hekalu la Yerusalemu na kuelekea mashariki, kabla mji haujachomwa. Nyumba iliyoteketea ilikuwa tupu, na kwa hiyo Wababeli hawakumshinda mtu.

Sura ya 24 ndiyo siisomi bila kusimama njiani. Ezekieli anaambiwa kwamba kipenzi cha macho yake kitaondolewa kwa pigo moja, naye asilie. Avae kilemba, avae viatu, asile chakula cha matanga. Asubuhi akasema na watu. Jioni mkewe akafa. Kesho yake akafanya kama alivyoamriwa, na watu wakamuuliza maana yake, akawaambia hivi ndivyo mtakavyokuwa hekalu litakapoanguka. Mwanamke huyo hana hata jina. Nimewasikia wahubiri wakiisifu sura hii kwa utii. Mimi naona mtu ambaye imani yake mpya haikumwachia mahali pa kulilia.

Maana hebu fikiri. Wababeli walikuwa na kisa cha gharika. Ndani yake mungu mmoja ndiye anayetaka kuwaangamiza watu, mwingine anamnong'oneza mtu mmoja ajenge chombo, na maji yanapojaa Ishtari anapiga kelele kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, akiwalilia watu wake, na miungu wanakaa chini wanalia pamoja naye. Katika Mwanzo kazi zote hizo anazo mmoja. Anayeleta maji ni yeye, anayemwokoa Nuhu ni yeye, na baada ya kufunga mlango wa safina, hakuna anayelia. Aliyekuwa akilia ameondolewa kwenye kisa. Nafasi yake ilibidi izibwe na binadamu: ni Raheli, mama wa ukoo aliyekufa zamani, ambaye Yeremia anamsikia Rama akiwalilia wanawe na kukataa kufarijiwa.

Kabla kidogo ya Koreshi, mfalme wa Waajemi, kuingia Babeli mwaka 539 KK, akatokea mshairi tusiyemjua jina, ambaye maneno yake yameunganishwa na kitabu cha Isaya kuanzia sura ya 40. Yeye ndiye aliyesema waziwazi, tena na tena, kile ambacho wengine walikuwa wakikizungukia. Zamani ilikuwa msiabudu wengine. Yeye akasema wengine hawapo. Anaichekelea miungu ya Babeli, Beli na Nebo, inayofungwa juu ya migongo ya wanyama na kuwachosha, wakati Mungu wake ndiye anayebeba watu tangu tumboni mwa mama zao. Na hakuikwepa bei. Katika sura ya 45 anamfanya Mungu adai kwamba nuru na giza, amani na baya, vyote ni kazi yake. Ukishasema yuko mmoja tu, huna tena wa kumsingizia. Unabaki wewe na yeye, na mama yangu na vikombe vyake.

Zaburi ya 82 ni kama hati ya mazishi ya wale wengine: Mungu anasimama katika baraza la miungu, anawashtaki kwa kutowatetea maskini na yatima, anawahukumu kufa kama wanadamu. Wakafa, lakini lugha ikabaki na kovu. Kiebrania humwita Mungu Elohimu, neno lenye umbo la wingi, kisha humpa kitenzi cha umoja, kana kwamba sisi tungesema miungu aliumba. Kiswahili chetu nacho kina mambo yake. Mungu akiwa mmoja anapewa viambishi vya watu: amesema, mwema, anaona. Akizidi tu, Biblia yetu ya zamani inamhamishia kwenye ngeli ya miti na kusema miungu mingine, kama mikeka mingine. Ashera, ambaye alama yake ilikuwa mti, pengine angecheka.

Na yeye aliyebaki naye alipoteza kitu. Karne za mwisho kabla ya Kristo, jina lake likaacha kutamkwa. Wasomaji walipofika kwenye herufi nne za jina hilo walisema Bwana wangu, wafasiri wa Kigiriki wakaandika Bwana, na Biblia ya Kiswahili ikafuata kwa herufi kubwa: BWANA. Sasa neno baali kwa Kiebrania maana yake ni bwana, mwenye mali, na pia mume, kama kwetu hasa. Nabii Hosea alitaka neno hilo lisitumiwe tena kwa Mungu. Lakini limezunguka dunia likarudi kwa mlango wa nyuma, na kila Jumapili tunaliimba bila kujua.

Mama yangu alikuwa na chetezo. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani, na kila Alhamisi jioni alitia makaa na ubani akazungusha moshi vyumba vyote. Mama aliendelea hivyo hivyo hapa Tanga, ingawa sisi ni watu wa kanisa. Hakutaja jina lolote wakati wa kufukiza. Ukimuuliza alisema nyumba inataka kunukia. Baada ya arobaini ya mdogo wangu, kikundi cha maombi kilikuja kumfariji, na mmoja wao akamwambia kwamba moshi ule ndio uliofungua mlango. Kwa hiyo swali lake lilikuwa limepata jibu. Alhamisi iliyofuata hapakuwa na moshi. Nilidhani amekitupa.

Kusini mwa Yuda, katika ngome ya Aradi, palikuwa na hekalu dogo la Yahwe, lenye madhabahu mawili ya mawe ya chokaa mlangoni pa patakatifu, moja la sentimita 52 na jingine la sentimita 40. Lilifungwa katika karne ya 8 KK. Wako wanaosema ni kwa sababu ya mageuzi ya dini, wako wanaosema ni kwa hofu ya Waashuru. Aliyelifunga hakuyavunja madhabahu. Aliyalaza ubavu, taratibu, akayafunika kwa udongo. Mwaka 2020 wanasayansi walitoa majibu ya uchunguzi wa masalia meusi yaliyokuwa bado juu yake. Kwenye dogo ilikuwa bangi iliyochanganywa na kinyesi cha mnyama, habari iliyofurahisha magazeti. Kwenye kubwa ulikuwa ubani, pamoja na mafuta ya mnyama. Ubani ule ule wa Arabuni tunaonunua sokoni kwa vipimo vya kopo.

Mwaka juzi nilikwenda kumsaidia mama kupaka chokaa chumba chake. Nilivuta sanduku la bati chini ya kitanda, na nyuma yake pakawa na kitu kimefungwa kwa kanga kuukuu, kimelazwa ubavu. Niliifungua. Majivu yalikuwa bado ndani, yameganda, na nilipoyainamia nikasikia harufu ya Alhamisi. Nilipogeuka mama alikuwa mlangoni, ameshika ndoo.

"Kirudishe," akasema.

Nikakifunga tena kwenye kanga, nikakisukuma mpaka ukutani. Alisubiri mpaka sanduku likarudi mahali pake, kisha akaniuliza kama nimekula.